Mshono wa Paa

Askari wa hifadhi alilisoma jina kwenye daftari, akamtazama aliyeliandika, akalisoma tena.

"Uko peke yako, mama?"

"Peke yangu."

"Siku ngapi?"

"Tano, magoti yakinikubalia."

Askari aligeuza kalamu mkononi. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja cha mbao, meza, kiti na kalenda ya mwaka uliopita. Hatimaye akauliza alichokuwa akikizunguka. "Ukoo huu naufahamu. Yule aliyefia kwenye ziwa la juu ni nani wako?"

"Mdogo wangu. Tumefuatana."

Askari akavua kofia, akaiweka juu ya daftari kana kwamba amelifunika. Yeye alikuwa mmoja wa wale wanne waliomteremsha. Alichana ukurasa wa kalenda, akamchorea njia kwa nyuma: msitu, kigongo cha mlima, bonde la mawe, kisha ziwa. Pembeni mwa ziwa akachora mwamba uliopasuka katikati.

"Hema tuliliacha hapa. Tulilikunjakunja tukaliwekea mawe. Tulisema tutalirudia, lakini unajua tena. Tulikuwa wanne tu, na yeye mwenyewe, samahani dada, alikuwa mzito."

"Alipenda kula," mama alisema, na wote wawili wakacheka kidogo, kisha wakaacha kwa pamoja.

"Ni kweli lilikuwa na maji ndani?"

"Maji? Kama beseni. Mfuko wake wa kulalia ungeukamua ungejaza ndoo." Papo hapo askari akaona amesema zaidi ya alivyotaka. Akavaa kofia yake. "Nenda salama. Ukiona ukungu umeshuka, kaa ulipo. Usijifanye jasiri."

Karakanini wote walimwita Dada Mkubwa, hata mzee mwenye karakana aliyemzidi miaka ishirini. Ilikuwa ghorofani, juu ya duka la mabomba, cherehani tatu, meza ndefu ya kukatia na dirisha lililogoma kufunguka tangu zamani. Walishona mahema. Mdogo wake alikata kitambaa, yeye alishona mapaa, na jamaa wa tatu, aliyeitwa Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia, alitia zipu na vitanzi vya kamba. Miaka kumi na tisa waliketi hivyo, migongo ikipinda pamoja.

Mdogo wake waliyemwita Mbuzi ndiye pekee aliyewahi kulala ndani ya kitu walichokishona. Mara mbili kwa mwaka aliomba ruhusa, akabeba begi lake, akaenda kutembea milimani peke yake, akarudi midomo imepasuka na uso umejaa furaha isiyoelezeka. "Kule juu hakuna cherehani," ndiyo sababu pekee aliyowahi kuitoa. Hema lake la zamani lilipochakaa, Dada Mkubwa akamshonea jipya. Alilishona jioni, baada ya kazi za wateja, na siku ya mshono wa paa cherehani yake ilikuwa na wazimu, ikiruka. Mishono mitatu, labda minne, iliruka pale kwenye mgongo wa hema, mahali maji yanapoangukia kwanza. Aliiona. Alikuwa amechoka. Akapaka nta juu yake, akajiambia inatosha.

Kisha mvua ikanyesha siku tatu mfululizo huko juu, na baridi ikamaliza kazi iliyobaki.

Msibani, chumba kimejaa viti vya kuazima, mtu mmoja aliuliza kwa nia njema tu hema lenyewe lilinunuliwa wapi. Wifi yake, mke wa marehemu, aliinua uso. "Halikununuliwa. Aliyelishona ni huyu hapa. Muulizeni yeye."

Hakuna aliyemuuliza. Lakini tangu siku ile, miezi minane sasa, mkono wake ulikataa mapaa. Alishona mifuko, alishona mikanda, alipindia pindo. Paa likifika mezani kwake alilisukuma kwa Redio, na Redio, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alilipokea bila kusema neno. Mzee mwenye karakana alivumilia. Mwisho akamwita pembeni: "Dada Mkubwa, mimi nina mshona mapaa mmoja, na ni wewe. Kama umeacha, niambie umeacha."

Ndipo alipokwenda kwa wifi yake, akasimama mlangoni kwa sababu hakukaribishwa kiti. "Nakwenda kuliangalia lile hema. Nataka nione mshono kwa macho yangu. Kama uliachia, nitakuja nikwambie ni mimi, na cherehani sitaigusa tena."

"Ukishaliangalia uje uniambie," wifi alijibu. "Na usije na maneno ya kunibembeleza."

Redio alijitolea kumsindikiza. "Mlimani mtu anahitaji wa kuongea naye, Dada Mkubwa."

"Ukija wewe nitashuka kiziwi."

Basi Redio akampangia begi badala yake. Alimwekea jiko dogo la gesi, supu za pakiti, biskuti, kamba ya ziada, na hema la sampuli lililokaa dirishani miaka mitatu bila mteja.

Siku ya kwanza ilikuwa msitu, na msitu ulikuwa ngazi za mizizi zisizo na mwisho. Hakuwa mtu wa kutembea. Kazi yake ilikuwa ya kukaa, na mwili wake ulijua kukaa tu. Alihesabu hatua mia, akasimama. Mia nyingine, akasimama. Mpaka mia zikawa hamsini na hamsini zikawa mti hadi mti. Watu wawili waliokuwa wakishuka walimpisha njia. Mmoja akamwambia amebakiza kidogo tu, naye akamshukuru, akatembea hicho kidogo kwa saa nne.

Asubuhi ya pili alifungua macho akaona kitambaa cha kijivu juu yake, matone yakiteleza kwa nje, na kwa muda hakukumbuka yuko wapi wala kwa nini kila kiungo chake kinalia. Aliwasha jiko kwa njiti ya tano ya kiberiti. Akanywa chai yenye ladha ya sufuria jipya. Alipovaa viatu aligundua malengelenge mawili kwenye kisigino cha kushoto, makubwa kama vifungo vya koti. Alifanya alichokijua: alichoma sindano kwenye moto, akayatoboa pembeni, akafunga kwa kipande cha kitambaa. Kazi ilikuwa safi. Angalau hiyo.

Kigongo hakikuwa na miti wala mtu. Upepo ulimsukuma kutoka upande mmoja siku nzima kama mtu anayetaka apishwe. Kulikuwa na majani makavu yaliyofika magotini, mawe, marundo ya mawe yaliyowekwa na wapitaji kuonyesha njia, na juu ya hayo anga iliyobadilika rangi kila alipoitazama. Huenda palikuwa pazuri. Mdogo wake angepasifia mpaka umchoke. Yeye aliona tu rundo la mawe lililofuata, akalifikia, akatafuta jingine. Uchovu ulikuwa umeshatoka miguuni ukapanda mpaka kwenye mawazo, na mawazo nayo yakaanza kuchechemea. Alijaribu kumkumbuka mdogo wake akicheka. Akakumbuka kikombe chake karakanini, ambacho hakuna aliyethubutu kukitumia wala kukiondoa.

"Ulikuwa unafuata nini huku?" alisema kwa sauti. "Hebu niambie. Ulikuwa unafuata nini?"

Usingizi wa siku hiyo ulimkuta na kijiko mkononi.

Siku ya tatu, mchana, alivuka bonde la mawe kwa mikono na miguu kama mtoto anayejifunza kutambaa, na ziwa likatokea. Lilikuwa dogo kuliko alivyolifikiria, jeusi, limetulia. Mwamba uliopasuka ulikuwa pale pale askari alipouchora. Chini yake, kwenye kipande cha majani bapa cha ukubwa wa chumba cha kulala, mawe yalipangwa, na katikati ya mawe kona ya kitambaa ilipepea.

Alitua begi. Hakulikimbilia. Aliketi juu ya jiwe akalitazama kwa mbali, kwa sababu kama mshono umeachia, basi hizi zilikuwa dakika zake za mwisho za kutojua.

Kisha akajikaza, akaondoa mawe moja baada ya jingine. Hema lilitoka zito, limelowa mikunjoni, kamba bado zimefungwa kwenye vitanzi kwa fundo la mdogo wake, lile la kujipinda mara mbili ambalo Redio alilikejeli kila siku. Nguzo zote mbili zilikuwa ndani yake, na vigingi walikuwa wamevifunga kwa kipande cha kamba. Dada Mkubwa alilitandaza. Hakutazama pembe, hakutazama mlango. Alikwenda moja kwa moja kwenye mgongo wa hema, akaushika mshono wa paa kwa vidole viwili, akaupitisha taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akauinua kuelekea mwangaza.

Mishono iliyoruka ilikuwa mitatu. Aliikuta, akaitambua. Yote mitatu ilikuwa imezibwa na nta, na nta ilikuwa nzima, haina ufa. Alivuta kitambaa pande zote mbili kwa nguvu zake zote. Uzi haukusogea.

Haukuwa umeachia.

Alicheka, peke yake, kwa sauti iliyomshangaza. Akaupitia tena mshono, mara hii kwa shavu, kama wanavyofanya mafundi wakitafuta tundu la sindano. Mzima. Miezi minane alikuwa ameubeba mshono huu mzima kifuani kama kosa.

Lakini maji yale kama beseni yalitoka wapi? Mawingu yalikuwa yanakusanyika juu ya kigongo, na akaona heri. Atalisimamisha hema, ataingia, atangoja mvua. Hapo atajua kwa uhakika, na wifi hatakuwa na la kumuuliza asilolijua. Aliingiza nguzo kwenye tundu zake, akapigilia vigingi kwa jiwe, akakaza kamba. Mikono yake ilifanya yenyewe, haraka, bila kumuuliza. Hema likasimama vizuri, limenyooka, hema la karakana yao hasa. Akaingia na mkeka wake, akaketi, akavuta zipu.

Mvua ilikuja. Ilianza kwa kugonga, ikaendelea kwa kumwaga. Kwa muda paa lilishika. Kisha tone likamdondokea shingoni. Jingine likamdondokea gotini. Yakaanza kuja kwenye mishono ya ubavuni, kisha kwenye ule wa paa wenyewe, tone, tone, tone, mpaka yakawa uzi wa maji uliotambaa kwenye mkeka. Aliinua uso kutafuta yanakopenya.

Juu ya kichwa chake kitambaa kilikuwa kijani.

Alikitazama kwa muda mrefu. Asubuhi ile ile, ndani ya hema la sampuli, juu ya kichwa chake palikuwa kijivu. Mahema yao yote yalikuwa kijani kwa nje na kijivu kwa ndani. Na kila mshono waliulaza kama mabati ya nyumba, kipande cha juu kikikilalia cha chini, nta ikipakwa upande wa nje, ili maji yateleze yapite. Ukiligeuza hema, yale mabati yanageuka mfereji. Maji yanakusanyika kwenye kila pindo, yanakaa, na hatimaye yanapata tundu za sindano, upande usio na nta.

Alikuwa amelisimamisha ndani nje.

Saa nzima alilishika, akalitandaza, akalipapasa kwa shavu, akalisimamisha kwa mikono yake, wala hakuona. Na angeonaje? Karakanini kila hema likimalizika liligeuzwa ndani nje, likatundikwa kwenye waya uliopita juu ya vichwa vyao, ili wakague mishono dhidi ya taa. Yalining'inia siku mbili, tatu, kijivu kikiwatazama. Walikula mchana chini ya kijivu hicho. Aliyeyageuza yakawa kijani ni Redio, wakati wa kuyafungasha kwa wateja. Yeye na mdogo wake kijani walikiona mezani kabla hakijawa hema. Hema, kwao, lilikuwa kitu cha kijivu. Mteja yeyote wa barabarani angeona kosa hilo akiwa bado hajapigilia kigingi cha kwanza. Nguzo na kamba zao zilikubali upande wowote, na hata zipu Redio aliitia vishikio nje na ndani.

Na hema hili halikuwa la mteja. Halikupita kwa Redio. Mdogo wake alikuwa na basi la alfajiri, kwa hiyo Dada Mkubwa akalitoa kwenye waya mwenyewe, akalikunja jinsi lilivyokuwa, akamkabidhi. "Haya, Mbuzi. Ukalale pakavu."

Alikaa mle ndani, maji yakimdondokea, mpaka meno yakaanza kugongana. Kisha akatoka kwenye mvua, akachomoa nguzo, akaligeuza hema kama mtu anavyogeuza soksi, akalisimamisha upya. Ilichukua muda, vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Akarudi ndani, akalifuta kwa shati lake, akavaa nguo kavu, akaingia kwenye mfuko wa kulalia. Mvua iliendelea. Halikuingia tone. Alilia hapo, si sana, kwa kuwa hata kulia kunataka nguvu, na usingizi ukamchukua kabla hajamaliza.

Kushuka hakukukumbuka vizuri. Siku mbili alitazama ncha za viatu vyake. Uongo ulimjia njiani, kwa upole, tena wa aina mbili. Wa kwanza: angeweza kusema mshono ni mzima, akaishia hapo, na hilo lingekuwa kweli. Wifi angebaki akidhani ni mlima tu. Wa pili: angeweza kusema mshono uliachia, akabeba yote, na mdogo wake akabaki katika kumbukumbu za watu kama mtu asiyekosea mlimani. Aliupima wa kwanza na wa pili bonde zima. Kufika msituni alikuwa amechoka mno kubeba lolote zaidi ya begi.

Wifi yake alikuwa karani wa kadi hospitalini, dirisha la wagonjwa wa nje. Dada Mkubwa alifika moja kwa moja kutoka kituo cha basi, matope hadi magotini, mahema mawili mgongoni. Foleni ilikuwa ya watu kumi na wanne. Angeweza kupita mbele. Alisimama nyuma, akasogea kila waliposogea.

"Jina, na kama una kadi ya zamani nipe," wifi alisema bila kuinua macho.

"Ni mimi, wifi."

Kalamu ikasimama. Wifi alimtazama kuanzia nywele hadi pale dirisha lilipokatia.

"Umeliona?"

"Nimeliona. Mshono wa paa ni mzima."

"Basi nini?"

"Alilisimamisha ndani nje. Likikaa hivyo linakusanya maji."

"Mbuzi?" Sauti ya wifi ilipanda. "Mtu aliyelala milimani miaka kumi na mbili asijue hema lina ndani na nje?"

"Mimi ndiye niliyemkunjia likiwa ndani nje. Nililitoa kwenye waya, sikuligeuza. Sisi tunayaona hivyo kila siku, jicho limezoea. Juzi nimelisimamisha mwenyewe, wifi, mchana kweupe, nikijua nililofuata, na nimelisimamisha ndani nje vilevile. Nikakaa ndani mpaka likanidondokea."

Mzee aliyekuwa nyuma yake, mkono kwenye kiuno, akaguna. "Mama, wengine hapa tunaumwa. Habari za nyumbani si mngezungumzia nyumbani?"

"Subiri, mzee wangu," wifi alisema. "Na huyu naye anaumwa."

Akabonyeza kalamu, ikitoka, ikirudi. "Ungeniambia uliachia tu," alisema mwisho, kwa sauti ya chini. "Ningejua hasira yangu niiweke wapi. Sasa nimkasirikie nani? Wewe? Yeye?"

"Sijui, wifi. Mimi mwenyewe sijui."

"Umekula?"

"Biskuti. Jana, nadhani."

"Kakae pale kwenye benchi. Nafunga saa saba."

Alikwenda akakaa kati ya mama aliyebeba mtoto mwenye homa na kijana mwenye bandeji. Alivua begi, akavua kiatu cha kushoto, akaegemeza kichwa ukutani. Alisikia wifi akiuliza majina, akiuliza kadi za zamani, kwa sauti iliyokwaruza kidogo lakini haikukatika. Huenda alilala. Alipofumbua macho dirisha lilikuwa limefungwa, foleni haipo, na wifi amekaa kando yake, chupa ya chai na kikombe kimoja katikati yao.

Alimmiminia. Akasubiri anywe. Kisha akasema, akitazama ukuta wa mbele, "Haya. Nieleze tena, polepole, kazi ilivyo. Huo waya mnautundikia wapi? Na mkiligeuza mnaligeuzaje? Nataka nimwone akilisimamisha."

Dada Mkubwa alitua kikombe. Akavuta moja ya mahema yale mawili kutoka kwenye begi, akalitandaza sakafuni mwa hospitali, akaanza kumwonyesha.